Fimbo ya Mithali: Ni ya Mti au ni ya Maneno?

Jioni moja ya Jumapili nilikaribishwa chai katika kota ya koplo mmoja ambaye ni jirani yangu. Nilipofika nilimkuta mwanawe wa miaka tisa amesimama karibu na mlango. Nilimwambia avute kigoda tuketi pamoja, naye akaniamkia kwa adabu, kisha akasema kwamba atasimama tu. Mama yake aligeuka akatazama ukutani.

Baadaye nilielezwa kisa chenyewe. Mtoto alikuwa ametumwa dukani kununua sukari, akarudi na sukari bila chenji, wala hakuweza kueleza chenji hiyo imekwenda wapi. Baba mtu alivua mkanda wake wa kazi, na yaliyofuata msomaji aweza kuyakisia mwenyewe.

Koplo huyu si mkatili. Tangu nimfahamu sijamsikia akigombana na mtu, na hata pombe hanywi. "Mimi sipigi kwa hasira, ndugu yangu," aliniambia huku akishusha Biblia yake kutoka rafuni. "Mimi napiga kwa Maandiko." Akafungua kitabu cha Mithali, sura ya 23, akaweka kidole juu ya mstari wa 13. Hapo mzazi anaambiwa asimnyime mtoto mapigo, kwa kuwa akimpiga kwa fimbo hatakufa, bali ataiokoa nafsi yake na kuzimu. "Imeandikwa," alisema koplo. "Sikuandika mimi."

Mkewe, ambaye mpaka hapo alikuwa akimimina chai bila kusema neno, akafuta mikono. "Baba watoto, hebu nipe nami nisome." Akakichukua kitabu, akasoma kimya kimya kwenda juu badala ya kwenda chini, mpaka akafika mstari wa pili wa sura ile ile. Mstari huo unamwonya mtu aliyeketi kula pamoja na mtawala: kama ni mlafi, na ajitie kisu kooni.

"Mwezi uliopita," alisema mama yule kwa sauti ya upole, "kwenye sherehe ya mkuu wa kikosi ulirudia pilau mara tatu. Mbona kisu sikukiona?"

Koplo akacheka, nami nikacheka. "Hiyo ni lugha ya mafumbo, mama watoto."

"Na hii ya fimbo?"

Hakupata jibu jioni ile, na swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Maana kati ya mstari wa pili na mstari wa kumi na tatu wa sura moja, mtu yule yule alikuwa amesoma kwa njia mbili, bila kujua kwamba amebadili njia. Kisu alikifanya fumbo kwa sababu koo lilikuwa lake. Fimbo aliifanya fimbo kwa sababu mgongo ulikuwa wa mwingine.

LUGHA INA TABIA ZAKE

Kila lugha ya wanadamu husema jambo moja ikikusudia jingine. Mswahili akisema fulani ana mkono mrefu, hakuna anayetafuta futi ya kuupima. Askari polisi akiandika katika taarifa yake kwamba karani amekula rushwa, hakimu haagizi tumbo la karani lipimwe. Hatuhitaji kufundishwa hayo, kwa sababu tumeyanyonya pamoja na maziwa ya mama. Taabu huanza tunaposoma maneno ya watu waliokuwa mbali nasi kwa nchi, kwa lugha na kwa maelfu ya miaka. Hapo hatuna tena sikio la kutuambia wapi mzee anatania, wapi anaapa, na wapi anatoa amri.

Wala tusijilaumu mno, kwani hata waliokuwa karibu walikosea. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 16, Yesu anawaonya wanafunzi wake wajihadhari na chachu ya Mafarisayo, nao wanaanza kushauriana kwamba pengine anawalaumu kwa kusahau kuchukua mikate. Ilibidi awaeleze kwamba chachu ile ni mafundisho. Katika Injili ya Luka, sura ya 22, usiku ule wa kukamatwa, anawaambia asiye na upanga auze vazi lake anunue. Wao wakamwonyesha panga mbili walizokuwa nazo, na wafasiri wengi wameona kwamba walikuwa hawajamwelewa. Saa chache baadaye upanga mmoja ulikata sikio la mtumishi wa Kuhani Mkuu, na aliyeukata akaambiwa aurudishe alani mwake.

Sasa turudi kwenye fimbo. Mithali iliandikwa kwa Kiebrania, na neno linalotumika humo ni shevet. Neno hilo lina kazi nyingi. Ni fimbo ya kupigia, kweli. Pia ni fimbo ya enzi anayoshika mfalme. Ni fimbo ya mchungaji, ambayo kondoo hupita chini yake wakihesabiwa, kama isemavyo Mambo ya Walawi. Zaidi ya hayo ni kabila zima, yaani watu walio chini ya fimbo moja ya utawala. Yale makabila kumi na mawili ya Israeli huitwa kwa neno hilo hilo. Katika Isaya sura ya 11, mfalme anayengojewa ataipiga dunia kwa fimbo, lakini fimbo yenyewe ni ya kinywa chake. Na katika Zaburi ya 23, ambayo wengi wetu tumeisikia makaburini, neno lile lile ndilo linalomfariji mtu apitaye bondeni penye giza. Wafasiri wa Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 waliliita hapo gongo. (Ni gongo la mchungaji, si lile la mtungi linalowapa askari polisi wa Tanzania kazi kila mwisho wa mwezi.) Kwa hiyo anayesoma Kiswahili peke yake hawezi kujua kwamba kitu kinachomtisha mtoto wa Mithali na kitu kinachomfariji mtu wa Zaburi ni neno moja.

Wanajeshi wataelewa jambo hili upesi kuliko wengine. Afisa husimama gwarideni na kifimbo chake kwapani, na hakuna kuruta anayedhani kifimbo hicho kimeletwa kumchapa. Ni alama ya mamlaka. Mwalimu Nyerere alitembea na kifimbo chake, na Rais Moi wa Kenya alijulikana kwa rungu lake.

TUSIJIDANGANYE

Hata hivyo sitaki kumdanganya msomaji. Wapo wahubiri wa siku hizi wanaodai kwamba fimbo ya Mithali haikuwa ya mti kamwe, bali ni uongozi tu na mawaidha. Ni tafsiri ya kupendeza, lakini nadhani inasema zaidi ya yaliyoandikwa. Sura ya 26 inaitaja fimbo ya mgongo wa mpumbavu pamoja na mjeledi wa farasi na lijamu ya punda, na vitu hivyo viwili vya mwisho si mafumbo. Katika nchi zile za kale watoto walichapwa, wanafunzi walichapwa, watumwa walichapwa. Mwaka 1906 na 1907 Wajerumani waliochimba katika kisiwa cha Elephantine, kilichomo mtoni Nile karibu na Aswan, walipata karatasi za mafunjo za karne ya tano kabla ya Kristo, zenye hekima za mtu aitwaye Ahikari kwa lugha ya Kiaramu. Humo mna shauri la kutomwepusha mtoto na fimbo, pamoja na maneno ya kumhakikishia kwamba akipigwa hatakufa, yanayofanana mno na yale aliyonionyesha koplo. Msemo huo, basi, ulikuwa ukizunguka midomoni mwa wazee wa nchi nyingi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, nami naomba msomaji asimame nami kidogo. Methali, hata ikitaja mti wa kweli, haigeuki sheria. Sisi tuna methali isemayo haraka haraka haina baraka, nasi tuna nyingine isemayo ngoja ngoja huumiza matumbo. Hakuna mahakama iliyokaa kuamua ni ipi iliyofutwa. Mzee huchagua ya kufaa wakati. Hata hicho kitabu cha Mithali chafanya vivyo hivyo: katika sura ya 26 mstari wa nne unakataza kumjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake, na mstari wa tano unaagiza ajibiwe. Waliozipanga pamoja hawakuwa wamelala. Askofu Mwingereza Robert Lowth, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1753, alionyesha jinsi mashairi ya Kiebrania yanavyokwenda kwa vipande viwili viwili, cha pili kikijibu au kukaza cha kwanza. Mstari maarufu wa 13:24 una umbo hilo: nusu ya kwanza inataja fimbo na chuki, nusu ya pili inataja upendo na kurudi, yaani malezi. Anayekata nusu ya kwanza na kuacha ya pili amebaki na mti mkononi.

Na kama mtu anasisitiza kwamba lazima tushike herufi, basi aishike kweli. Herufi inasema fimbo. Koplo alitumia mkanda. Herufi inasema mtoto akipigwa hatakufa. Je, hiyo ni ahadi ya mwili? Tazama Kutoka sura ya 21, mstari wa 20. Sheria ya Musa inaeleza habari ya mtu aliyempiga mtumwa wake kwa fimbo akafa chini ya mkono wake, na inasema mtu huyo ataadhibiwa. Neno la Kiebrania ni lile lile, shevet. Maana yake ni kwamba Torati yenyewe yajua kuwa fimbo huua. Wanaojua hilo pia ni madaktari, wauguzi wa zamu ya usiku, na askari polisi waliowahi kuitwa nyumba fulani alfajiri wakamkuta baba ameketi nje, kichwa mikononi, akirudia kwamba hakukusudia. Figo za mtoto hazisomi Mithali.

Wenye Maandiko hayo kwa asili, yaani Wayahudi, waliyasoma kwa woga wa namna nyingine. Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, inaweka kikomo cha viboko arobaini kwa mtu mzima aliyehukumiwa. Wao wakapunguza hadi thelathini na tisa, wasije wakakosea hesabu, na waalimu wao wakaagiza kwanza mtu akadiriwe anaweza kustahimili vingapi. Kuhusu sheria ya sura ya 21 ya kitabu hicho, ile ya kumpiga mawe mwana mkaidi, waliiwekea masharti mengi hata Talmudi ina rai kwamba mwana wa namna hiyo hakupata kuwako wala hatakuwako. Hawakufuta hata nukta moja ya maandishi, ila waliuzuia mkono.

PANDE ZOTE MBILI ZINA SHIMO

Asifikiri mtu kwamba nasema mafumbo siku zote ni salama na herufi siku zote ni hatari. Mwaka 1302 Papa Bonifasi wa Nane alizichukua zile panga mbili za Luka akazifanya fumbo: mmoja ni mamlaka ya roho, wa pili ni mamlaka ya dunia, na wa pili sharti uwe chini ya wa kwanza. Kwa hesabu hiyo wafalme wote walitakiwa kuwa chini yake. Fumbo laweza kubeba mzigo wowote ambao mfasiri anataka kulitwika.

Upande wa herufi tuna habari ya Origeni wa Alexandria, mwalimu mkubwa wa karne ya tatu. Mwanahistoria Eusebio aliandika kwamba katika ujana wake Origeni aliyashika kama yalivyo maneno ya Mathayo 19 kuhusu wanaojifanya matowashi kwa ajili ya ufalme wa mbinguni, akajihasi. Wako wataalamu wanaoitilia shaka habari hiyo. Lakini alipokuwa mtu mzima, akieleza Injili hiyo, Origeni mwenyewe aliwapinga waliosoma maneno hayo kwa mwili, na Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulianza kanuni zake kwa kuwazuia waliojihasi wenyewe wasiwe makasisi. Ni dhahiri kwamba walikuwapo.

Basi kipimo ni kipi? Mwafrika mwenzetu, Augustino, aliyekuwa askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliandika kitabu kizima juu ya jinsi ya kusoma Maandiko, akakimalizia uzeeni mwake. Kanuni yake ni nyepesi kukumbuka: andiko likionekana kuamuru uovu, au kukataza wema, basi lugha yake ni ya mafumbo, na msomaji aligeuze mpaka tafsiri yake ifikie upendo. Augustino huyo hakuwa mlaini. Aliwatetea wakubwa wa serikali waliotumia fimbo. Lakini katika maungamo yake anasimulia jinsi alivyokuwa akichapwa shuleni angali mdogo, akamwomba Mungu kwa bidii kubwa asipigwe, na wazazi wake wakayacheka mapigo yake. Alikuwa mtu wa miaka zaidi ya arobaini alipoandika hayo, naye hakuwa amesahau kicheko kile.

MBELE YA MAJAJI

Katika Afrika Kusini swali hili lilifika Mahakama ya Katiba mara mbili. Sheria ya Shule ya mwaka 1996 ilipiga marufuku viboko. Jumuiya ya shule 196 za Kikristo ikashtaki, ikisema kwamba mistari ya Mithali ni agizo la imani yao, na wazazi wamewakabidhi walimu fimbo kwa hiari. Hukumu ilitolewa tarehe 18 Agosti 2000, na aliyeiandika ni Jaji Albie Sachs, mtu aliyepoteza mkono wa kuume na jicho moja kwa bomu lililotegwa garini Maputo mwaka 1988. Mahakama haikudharau imani ya wazazi wale. Ilikubali kwamba ni ya dhati. Ila ilisema mwalimu shuleni hana ruhusa ya kumchapa mtoto kwa niaba ya imani hiyo.

Ikabaki nyumbani. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilisikiliza rufaa ya baba mmoja wa Johannesburg aliyempiga mwanawe wa miaka 13, ikaondoa ile kinga ya kale ya kwamba mzazi aweza kupiga kwa kiasi. Shirika la kutetea uhuru wa dini likapeleka shauri juu, nalo likategemea Maandiko. Tarehe 18 Septemba 2019 majaji wote kwa kauli moja walikataa. Aliyeandika hukumu ni Jaji Mkuu Mogoeng Mogoeng, ambaye nchi nzima ilimjua kuwa mhubiri wa Kikristo asiyeficha Biblia yake. Waliotegemea kwamba mtu wa namna hiyo angeisoma Mithali kama wao walibaki wakitazamana.

Huku kwetu sheria hazilingani. Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001, na Katiba yake ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutopewa adhabu ya kupigwa. Uganda ilikataza viboko shuleni kwa marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016. Kanuni za Tanzania zilipobadilishwa mwaka 2002 ziliweka kikomo cha viboko vinne. Na wanajeshi wakumbuke kwamba jeshi la Uingereza, ambalo ndilo lililoacha desturi nyingi katika majeshi yetu, lilifuta adhabu ya kumchapa askari viboko mwaka 1881. Mtu mzima aliyefunzwa vita alionekana hastahili. Mtoto wa miaka tisa aliyepoteza chenji bado anajadiliwa.

Mama mmoja ameniuliza: tukiacha fimbo, tutawalea kwa nini? Na afungue Mithali hiyo hiyo mwanzoni. Katika sura tisa za kwanza fimbo haitajwi hata mara moja. Mzee anasema tu: mwanangu, mwanangu, sikiliza, mwanangu. Anamweleza habari za marafiki wabaya, anampeleka kumtazama chungu anavyofanya kazi, anamsimulia kijana aliyemwona dirishani akienda kupotea. Ni kazi ndefu. Yataka mzazi awepo nyumbani, na atulie, na ajibu swali lile lile mara ya tano. Kwa askari aliyetoka lindo la usiku najua si rahisi, na pengine ndiyo sababu mkanda hupendwa: humaliza neno kwa dakika mbili.

Juma lililopita koplo aliniomba nimwandikie kwenye karatasi mistari yote niliyokuwa nikiitafuta, akaisome mwenyewe. Nikamwandikia, nikiweka Kutoka 21:20 juu kabisa. Jioni yake mtoto wake alikuja nayo mlangoni kwangu mbio mbio, akaniamkia, akasema baba anaomba karatasi iandikwe upya kwa herufi kubwa, kwani taa ya kwao ni hafifu. Nilipokuwa nikiandika aliketi kwenye kigoda, akaniuliza chungu yule wa Mithali alikuwa mweusi au mwekundu.